Fulu za kujidimu zenyewe: jinsi ya kuzitumia na pale ambapo lazima udimu mwenyewe

Kama gari yako ni ya Japani ya kuanzia 2015 hivi kuja juu, cheki mkono wa taa au dashibodi, ukiona kialama cha taa chenye herufi A basi inaweza kupiga fulu (taa kali za mbali) na kudimu (kuzishusha) yenyewe. Juu ya kioo cha mbele, nyuma ya ile mira ya katikati, kuna kamera inatafuta taa nyeupe za anayekuja na taa nyekundu za aliyeko mbele yako, ikiziona inashusha, zikipotea inapandisha. Wazo lenyewe ni la zamani sana, General Motors walishaweka kijicho cha hivyo juu ya dashibodi mwaka 1952.

Kwa Toyota nyingi unaweka swichi ya taa kwenye AUTO, afu unasukuma mkono mbele kama unapiga fulu, kialama kinawaka. Mjini usishangae ikikataa, inasubiri mwendo ufike kama 30 hivi na penye taa za barabarani inabaki dimu. Kuizima vuta mkono urudi kwako.

Sasa hapa naomba tusikilizane jamani. Hiyo kamera inaona TAA, haioni mtu. Anayesukuma baiskeli ya mkaa, anayetembea pembeni, bodaboda ambayo taa yake imefifia kama kibatari, wote hao kwake hawapo, kwahiyo fulu inaendelea kuwachoma macho. Mi nilikutana na boda mmoja usiku baada ya Ruaha Mbuyuni, nikawa naisubiri gari idimu, haikudimu, nikaona jamaa ameweka mkono usoni na anatoka nje ya lami, nikavuta mkono wa taa haraka, hakuanguka lakini mpaka leo sijaisahau ile picha. Na lori bovu lililozima taa, limetandikiwa majani tu barabarani, nalo usitegemee gari ilitambue.

Kwenye kona kama za mlima Kitonga, njia ya Iringa, ndio usiseme, kamera inaangalia mbele, mwenzako anatokea ubavuni, mpaka imuone ameshapigwa na mwanga. Ukiona tu mwanga unacheza kwenye miti dimu hapo hapo, usingoje taa zenyewe. Kwenye vilima pia hivyo hivyo. Kuna wakati inakosea upande wa pili, kibao kinachong'aa kinaidanganya inadimu bure, hiyo haina madhara makubwa.

Ukungu, mvua kubwa, tope au stika mbele ya kamera vyote vinaichanganya, kwahiyo futa kioo kabla hujatoka, na ukibadilisha kioo cha mbele mwambie fundi kamera ipimwe upya kwa mashine, wengi wanabandika kioo tu wanakuachia.

Mi nikifika Mikumi naiacha ifanye kazi, ila nikianza kupanda Kitonga naizima kabisa, nadimu kwa mkono mpaka nimalize kona.