Kirietini bila kuharisha: nilivyomwelekeza dogo tunayekimbia naye Mikindani

Juzi dogo mmoja ninayekimbia naye Mikindani mpaka Mtwara mjini kaja na kopo la kirietini, ule unga wa kuipa misuli nguvu, anauliza aanzie wapi maana miguu inamuuma siku mbili mfululizo. Nikamwambia kopo liweke pembeni kwanza.

Hatua ya 1: maji. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi, fulana iliyolowa uivue. Kilo moja ikipungua ni kama lita moja ya jasho, we rudisha lita moja na nusu, kidogokidogo. Madafu safi ila sodiamu yake ndogo na jasho linatoa sodiamu, so kula na kitu chenye chumvi.

Hatua ya 2: kula. Protini gramu 20 mpaka 30 baada ya mazoezi zinatosha, mayai matatu peke yake ni kama 18. Sisi wa korosho huwa tunajidanganya hapa, gramu 100 zina protini kama 18 lakini mafuta yanapita 40, kwa hiyo ni kitafunwa tu. Mimi napeleka hela soko la samaki Feri kwa pweza, sio kwenye unga wa protini. Wanga ni ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, basi.

Hatua ya 3: kirietini. Sasa hapa ndo nilipoumia mimi. Kopo langu la kwanza liliandikwa gramu 20 kwa siku wiki ya kwanza, nikasoma haraka nikazikoroga zote kwenye glasi moja asubuhi, nikaenda kukimbia, aisee sikufika mbali, tumbo lilinikamata njiani nikabisha hodi kwa watu nisiowajua kuomba choo, na mchana kutwa nikawa naingia natoka. Hizo 20 hugawanywa mara nne, na wala si lazima, gramu 3 mpaka 5 kila siku zinajaza misuli ileile, ila inachukua kama wiki tatu nne. Pima kwa mzani mdogo kama wa sonara, kile kijiko cha kwenye kopo mara nyingine kinazama kwenye unga, na ukitumia cha chai futa juu, usijaze mlima. Mwenyewe nanywa na uji, saa yoyote. Uzito ukipanda kilo moja au mbili usishtuke, ni maji yameingia kwenye misuli. Nunua kirietini ya kawaida iliyofungwa, kopo liwe limeandikwa monohaidreti, ya kupimiwa kwenye kimfuko achana nayo kabisa. Una shida ya figo? Muone daktari kwanza, na ukienda kupimwa figo mwambie unatumia, maana kriatinini, ile taka ya misuli wanayoipima kwenye damu, inaweza kuonekana imepanda.

Hatua ya 4: lala. Masaa saba au nane kwa usiku, simu mbali.

Maumivu ya siku mbili tatu ni kawaida. Ila mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola na misuli imevimba, hapo sio kirietini wala pweza, nenda hospitali siku hiyohiyo.