Otoklevu ya maabara Tabora: ukoko, gasketi na geji inayodanganya

Mwongozo huu ni wa otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo) ya kufungulia juu, yenye elementi, yaani chuma cha kupashia maji, ndani ya chemba ya chuma kisichoshika kutu. Chemba ya aluminiamu usiitie asidi.

Hatua ya 1. Zima, chomoa waya ukutani, subiri geji ya shinikizo isome sifuri na chemba ipoe. Mwaga maji yote.

Hatua ya 2. Angalia elementi. Ukoko mweupe ni chumvi ya maji ya kisima. Unazuia joto lisiingie majini, kwa hiyo mashine inachelewa kupanda na mwisho elementi inaungua. Changanya gramu 20 za asidi ya sitriki kwa kila lita ya maji, elementi ifunikwe yote. Pasha hadi nyuzi 60 hivi mfuniko ukiwa wazi, zima, chomoa, acha saa moja. Vipovu vidogo vitapanda kutoka kwenye ukoko. Vikikoma na ukoko bado upo, asidi imeisha nguvu. Rudia na mpya. Sugua kwa brashi laini. Stili waya inakwaruza chemba, na jiki inaitoboa vitundu vitundu. Suuza mara mbili, kisha weka maji yaliyotolewa chumvi. Ukinunua "maji ya betri", soma chupa kwanza: mengine ni asidi.

Hatua ya 3. Pitisha kidole kuizunguka gasketi, yaani mpira unaoziba mfuniko. Ikiwa ngumu au ina ufa, badilisha. Mvuke ukivuja, usikimbilie kukaza kwa nguvu, utaikata. Kaza skrubu zinazotazamana, mbili mbili, kidogo kidogo.

Hatua ya 4. Mashine ikiwa na mvuke, vaa glavu za joto, geuza uso, inua kidogo mkono wa vali ya usalama. Iliyokwama hairekebishwi, inabadilishwa.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wanakosea. Acha tundu la hewa wazi mpaka mvuke utoke mfululizo dakika 5 hadi 10. Hewa iliyobaki inapandisha geji bila joto. Tena, Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni dogo. PSI 15 (kipimo cha shinikizo kwenye geji) zinazotoa nyuzi 121 Dar es Salaam, hapa zinatoa kama 119. Fuata kipimajoto. Mashine yako isiporuhusu PSI 17, ongeza muda: dakika 25 badala ya 15.

Hatua ya 6. Kila mwezi weka kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus (bakteria sugu kwa joto) katikati ya mzigo, kisha kiweke kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60 ili spora zilizo hai ziote, pamoja na kingine ambacho hakikuingia kwenye mashine. Kilichoingia kikiota, mashine haikuua. Hicho cha pili kisipoota, kipimo ni batili. Utepe wa kufungia kifurushi uliobadilika rangi unaonyesha tu kwamba joto lilifika kwenye kifurushi.