Majina ya Maarusi kwa Fonti za Mwandiko

Wateja wangu hapa Lamu wakija kutengenezewa kadi ya arusi, ombi huwa moja: majina yawe ya mikunjo, kama yaliyoandikwa kwa kalamu. Fonti za namna hiyo huiga mwandiko wa kalamu ya unyoya. Snell Roundhand, kwa mfano, ilichorwa na Matthew Carter miaka ya 1960 kwa kufuata mkono wa Charles Snell, mwandishi Mwingereza wa kale. Kama huna pesa ya fonti, Great Vibes na Pinyon Script ni za bure, hata kwa kazi ya kulipwa.

Kwanza, andika majina yenyewe. Usiamini sampuli ya Kiingereza, kwani maneno yao mengi huishia kwa konsonanti, na yetu huishia kwa irabu. Andika "Mwanaisha na Athmani", halafu itazame a ya mwisho. Je, mkia wake umetua, au umebaki hewani kama unaongoja herufi nyingine? Fonti nzuri huwa na a ya akiba yenye mkia wa kumalizia. Itafute kwenye orodha ya herufi zake. Kisha itazame M kubwa, maana kina Mwana ni wengi kwetu. Kuna fonti ambazo M yake imepambwa hata inasomeka W. Mpe mtu mzima asome bila kumtajia jina. Akisita, badilisha fonti.

Herufi kubwa iwe ya mwanzo tu. Jina zima kwa herufi kubwa za mwandiko halisomeki.

Nafasi kati ya herufi iache sifuri. Ukiitanua, viungo hukatika: kuza asilimia 400 utaona n na a zimeachana.

Majina nayaweka pointi 36 au zaidi. Tarehe, saa na mahali nayaandika kwa fonti ya kawaida. Niliwahi kuchapisha kadi 200 za rangi ya dhahabu kwenye karatasi yenye mikwaruzo. Mistari myembamba ilipotea yote, h ikabaki vijiti viwili visivyoungana. Nililia na kazi nikairudia kwa gharama yangu. Tangu hapo nachapisha moja kwanza, kwa karatasi ile ile.

Bismillahi ina fonti zake. Mimi natumia Amiri ya Khaled Hosny, ya khati ya naskhi, yaani mwandiko wa Kiarabu wa vitabuni, nayo ni ya bure. Hakikisha herufi zimeungana na zinakwenda kutoka kulia hadi kushoto, kwani programu nyingine huzitawanya. Ila waulize wenye arusi kabla: wako wasiopenda jina la Mwenyezi Mungu liwe kwenye kadi itakayotupwa.

Mwisho, geuza maandishi kuwa michoro, yaani maumbo yasiyohitaji fonti tena, kabla ya kupeleka faili kwa mchapaji, asije akaibadilisha fonti asiyokuwa nayo. Nakala ya kuharirika baki nayo, maana tarehe ya nikahi huweza kusogezwa.