Kutunza nguvu za kiume kwa anayepigwa mionzi ya tezi dume

Wengi wakimaliza mionzi ya saratani ya tezi dume, uume bado unasimama kama zamani, wakaona wamesalimika. Shida huja polepole, kuanzia miezi 6 hadi miaka 2 au 3 baadaye, maana mionzi huumiza mishipa midogo ya damu kidogo kidogo. Usisubiri hadi hapo.

Hatua ya 1: Sema kabla ya mionzi
Mimi huwauliza wazee wangu waziwazi: unasimama? Unadumu? Hamu ipo? Majibu yanaandikwa kwenye faili, ili baadaye tujue kilichopungua. Uliza kama utachomwa sindano za homoni na kwa muda gani. Hizo hushusha testosteroni (homoni ya kiume) na kuondoa hamu yenyewe. Kwa wengi hurudi miezi kadhaa baada ya sindano kukoma.

Hatua ya 2: Linda mishipa
Acha sigara, dhibiti sukari na presha, tembea kila siku. Dawa ya presha ikikupunguzia nguvu usiiache mwenyewe. Mwambie daktari akubadilishie.

Hatua ya 3: Vidonge
Sildenafili miligramu 50 humezwa saa moja kabla ya tendo, bila kushiba chakula cha mafuta. Haifanyi kazi bila mwili kusisimka, kwa hiyo mara moja ikishindwa usikate tamaa. Jaribu siku nyingine tano au sita. Tadalafili hudumu hadi saa 36. Kuimeza kila siku kama kinga siwaahidi watu: jaribio lililochapishwa 2014, miligramu 5 kila siku kwa wiki 24, halikuonyesha faida.

Anayetumia nitrati, ile dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, asiguse vidonge hivi kabisa. Presha inaweza kuporomoka akafa. Ogopa pia unga wa “nguvu za kiume” wa mitaani. Baadhi huchanganywa na sildenafili kwa siri.

Hatua ya 4: Vidonge vikigoma
Kuna pampu ya kuvuta hewa (pete yake ya kubana shina la uume isizidi dakika 30) na sindano ya uumeni. Uume ukisimama zaidi ya saa 4, kimbia hospitali.

Hatua ya 5: Njoo na mama
Shahawa zitapungua, pengine zikauke kabisa, ingawa raha ya kufika kileleni inaweza kubaki. Mke asipoambiwa hudhani amechokwa, au kuna mwingine. Mlete kliniki mapema, asikie na aulize mwenyewe.