Kitundu cha kulengea: kukichagulia gobore la zamani

Gobore la marehemu babu lilikaa miaka na miaka juu ya boriti za nyumba yetu Wete, limefungwa kamba ya makumbi. Mjomba aliponiletea Unguja nilisafishe apate kulitundika ukutani, alinionesha picha ya bunduki ya Kimarekani: "Mwanangu, nataka kitundu cha kulengea kama hiki, pale nyuma."

Nilikwishaanza kuchonga kibati cha shaba, chenye tundu dogo la kuchungulia shabaha, ndipo nikajiuliza kama hili gobore liliwahi kuwa na kitu hicho. Anza na suali hilo wewe, usianze na tupa kama mimi.

Kabla ya suali, usalama. Magobore mengi yaliwekwa yakiwa yameshindiliwa. Chukua ufito mwembamba wa mti, si chuma, uutumbukize mtutuni taratibu mpaka ugote. Utie alama penye mdomo, kisha uulaze nje ya mtutu. Ncha ikifika karibu na tundu la moto, lile dogo la nyuma ya mtutu linalopitisha moto kwenye baruti, ndani mtupu. Ufito wa gobore letu uliishia vidole vinne kabla. Baruti na risasi za zama za babu zilikuwa bado zimo! Hapo usichokoe, usitie keekee, usilisogeze karibu na moto. Toa taarifa polisi, waje wenye ujuzi. Na hata likiwa tupu, waulize polisi kama sheria inakuruhusu kukaa nalo nyumbani. Kulifyatua, kamwe.

Likishakuwa salama, tia kidole mdomoni mwa mtutu. Ukikuta mifereji inayopinda kama skrubu, bunduki ilitengenezwa kulenga, na kitundu kinaweza kuwa haki yake. Ukikuta laini, karibu hakika hakikuwapo. Zile za jeshi la Uingereza za gumegume, yaani za kuwashwa kwa cheche za jiwe, maarufu kwa jina la Brown Bess, nyuma hazikuwa na kitu kabisa. Askari aliangalia juu ya mtutu tu. Enfield ya 1853, bunduki ya Kiingereza ya fataki (kikofia kidogo kinachopasuka kikigongwa), ina mifereji, lakini kilengeo chake ni kingazi cha kunyanyua chenye pengo, nacho kimekaa juu ya mtutu, mbali na jicho.

Vitundu vina kwao. Bunduki za Kituruki za zamani zilikuwa na kibamba kilichosimama nyuma kabisa ya mtutu, upande wa jicho, kina matundu kadhaa yaliyopangana wima: la chini kwa karibu, la juu kwa mbali. Ile ya picha ya mjomba ni ya mashindano. Mwaka 1874, kwenye uwanja wa shabaha wa Creedmoor, New York, Waayalandi, wakitumia bunduki za Rigby za kushindilia mdomoni, walishindana na Wamarekani kwa yadi 800, 900 na 1,000. Bunduki za mashindano za namna hiyo kitundu chake husimama nyuma ya mtambo, karibu kabisa na jicho, kwa kijiti kirefu kinachopanda na kushuka.

Kwa hiyo tafuta athari. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta, usitumie msasa, kisha angalia mkia wa chuma unaoingia kwenye mti. Tundu za skrubu za zamani zina kutu hadi ndani na midomo yake imelainika. Iliyotobolewa juzi ina makali, inang'aa. Kama hakuna tundu, usitoboe. Niliwahi kuona mtutu mzuri umetobolewa katikati ya chapa ya mtengenezaji, na jina lake halisomeki tena.

Tundu zikiwapo, kata kwanza mfano wa kadi ngumu. Toboa kwa sindano, sogeza kadi karibu na jicho uangalie mnazi wa mbali: kuti litaonekana wazi, ila mwanga utapungua. Kwa shabaha ya mashindano, milimita 1 na kidogo inatosha; kwa windo panua hadi 2 au 3. Kadi ikikaa sawa, ndipo uchonge chuma, ukiifuata skrubu ya zamani.

Gobore la babu ni laini ndani, na mkia wake hauna hata alama. Mjomba aliupapasa kwa kidole gumba, akakirejesha kile kibati mkononi mwangu. Kimo koponi, kinangoja bunduki yake.