Misimamo ya kata ndani ya kumite huru

Katika dojo (kumbi za karate) nyingi za Dar es Salaam mambo huenda hivi: kwenye kihon, yaani mazoezi ya msingi, wanafunzi wanashuka zenkutsu-dachi nzuri, ule msimamo mrefu wa goti la mbele kukunjwa, nyayo zimeshika sakafu. Ikianza kumite huru, yaani pambano lisilopangwa, wote wanasimama wima na kurukaruka, na ile kazi yote ya misimamo inasahaulika. Anayejaribu kuitumia naye hukosea upande wa pili: anashuka chini, anaganda pale, anapigwa. Zenkutsu ni mahali pa kutua ngumi inapofika. Ukishatua, ondoka.

Anzia kwenye msimamo huru. Miguu iachane upana wa nyonga, urefu wa hatua ya kawaida ya kutembea, magoti yamelegea, uzito nusu kwa nusu, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo tu. Kutoka hapo kila msimamo wa kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa) uko umbali wa nusu hatua.

Kwa gyaku-zuki, yaani ngumi ya mkono wa nyuma, sukuma sakafu kwa mguu wa nyuma huku unyayo wa mbele ukiteleza sentimita 30 hadi 50, karibu ugusane na sakafu. Goti la mbele likunjwe hadi lifike juu ya vidole. Mguu wa nyuma unanyooka, nyonga inageuka, ngumi inafika: vyote kwa pamoja na unyayo kutua. Uzito uwe kama asilimia 60 mbele. Kisha vuta ngumi na mguu wa mbele, urudi ulikotoka.

Mguu ukitangulia kutua, nguvu imeshaishia sakafuni na ngumi inabaki na nguvu ya mkono peke yake. Tena mwenzako ameshakuona. Nyayo zikikaa kwenye mstari mmoja, ashi-barai moja (kufagiliwa mguu) inakuangusha. Chora mstari wa chaki sakafuni: kila unyayo ubaki upande wake, kati yake pawe na upana wa nyonga. Goti likiangukia ndani, litaanza kuuma upande wa ndani, kwa hiyo lifuate kidole cha pili. Urefu nao upime hivi: ukishatua, inua mguu wa mbele. Kama huwezi bila kwanza kurudisha kiwiliwili nyuma, umetanua mno. Punguza unyayo mmoja.

Neko-ashi-dachi, msimamo wa paka, ni dawa nzuri ya mae-geri (teke la mbele), ila ikae muda wa pumzi moja tu. Mguu wa nyuma uende nyuma kwa mshazari, wa mbele ufuate na kugusa sakafu kwa sehemu iliyo chini ya vidole. Karibu uzito wote uko nyuma, hivyo mguu wa mbele uko huru kupiga papo hapo. Wengi huvuta mguu wa mbele peke yake na kuegemea nyuma. Kichwa kinabaki palepale, na ngumi inayofuata teke inakikuta.

Shiko-dachi, msimamo mpana wa chini wanaouzoea watu wa mtindo wa Goju-ryu, ni ya kuingia ubavuni: nyonga yako ikaribie ya mpinzani, umshike, umwangushe, pale sheria za pambano zinaporuhusu. Usiisubirie kwa mbali, kwani kutoka humo lazima kwanza uhamishe uzito. Sanchin-dachi, msimamo mfupi wa vidole kuelekea ndani, ni ya karibu kabisa, mkishagusana.

Fanyeni wawili wawili, raundi 3 za dakika 2. Ya kwanza, ukitua na gyaku-zuki ganda. Mwenzako akusukume bega taratibu, kwanza kwa mbele halafu kwa ubavu. Ukiyumba kwa ubavu, miguu imebanana. Ya pili hakuna kuganda: uwe umetoka kabla mkono wake haujakugusa bega. Ya tatu yeye ajibu kwa mae-geri, nawe uingie neko-ashi. Baada ya hapo ndipo kumite huru, kwa nusu kasi.

Na sakafu ya hapa isisahaulike. Kwa joto hili, saruji laini au vigae vikishalowa jasho, mguu wa nyuma unateleza na misuli ya kinena inavutika. Piga dekio kati ya raundi, na fupisha msimamo unyayo mmoja. Mchanga wa Coco Beach unajenga mapaja kwelikweli, lakini kisigino kinazama, kwa hiyo usipimie urefu wa msimamo pale. Pimia kwenye sakafu utakayopigania.