Pikapu imechemsha Ruai, wewe uko majuu

Simu ya namna hii hunikuta usiku, nyumbani Kenya kukiwa asubuhi. "Gari imechemsha. Fundi anasema ni gasketi ya hedi. Tuma pesa leo." Hedi ni kifuniko kizito cha juu ya injini, na gasketi ni bati jembamba linaloziba kati yake na injini. Mara ya kwanza nilituma bila kuuliza lolote. Gasketi ikabadilishwa uani kwa mama, Ruai, pembezoni mwa Nairobi, na baada ya wiki tatu pikapu ikachemsha tena.

Siku hizi, kabla ya kuuliza bei, nauliza: ilichemsha kwa nini? Gasketi haiungui bure. Huenda pampu ya maji imechoka, feni haishiki, radieta imeziba kutu kwa sababu miaka yote imejazwa maji ya mfereji badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), au kifuniko cha radieta kimelegea springi. Hicho cha mwisho hudharauliwa sana. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 100. Presha inayoshikwa na kifuniko ndiyo inayoyazuia. Ikivuja, mzigo na mlima vinatosha kukumaliza. Kosa letu lilikuwa hapo hapo, kwenye spea ya bei ya chakula cha mchana, na hedi ilikuwa imeshafunguliwa mara mbili.

Halafu kuna thamostati, vali inayozuia maji yasizunguke kwenye radieta mpaka injini ipate joto. Fundi atakwambia ameing'oa "ndio maji yapite vizuri". Kataa. Injini isiyofikia joto lake, hasa asubuhi za Julai, hula dizeli na huchakaa haraka, na ugonjwa wenyewe unabaki umefichwa.

Kwa hiyo, kabla spana haijagusa boliti, omba video. Injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa moto mtu ataungua uso), kifuniko kifunguliwe, gari liwashwe, wakuonyeshe maji. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi au hedi yenye ufa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi za pistoni zimechoka. Mweusi, anza na kichujio cha hewa na nozo zinazopuliza dizeli.

Hedi inaweza kutolewa nyumbani bila kuinua injini, ndiyo maana kazi hii hufanyika uani. Kazi ikifika kwenye krenki na beringi, huko chini ndani ya injini, peleka gereji. Udongo mweusi wa Ruai humeza jeki, na vumbi likiingia kwenye silinda zilizo wazi umejitafutia kazi nyingine. Shuka safi ifunikwe juu ya bloku, yaani mwili wa injini, kila jioni.

Hedi yenyewe iende kwa watu wa mashine. Wako wengi Industrial Area na kando ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ipimwe ufa kwanza, ndipo ipigwe skimu, yaani uso wake usawazishwe kwa mashine. Watu huruka hatua hii, kisha wanalipia kusawazisha chuma kilichopasuka. Kama ni Hilux yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, gasketi zake huja kwa unene tofauti, zenye alama B, D na F, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Fundi asiyejua herufi hizo asiiguse. Boliti hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukija likizo ya Desemba, punguza viatu vya zawadi, uitie spana hiyo kwenye sanduku.

Pesa ya spea usiipitishe mkononi mwa fundi. Akutumie picha ya nambari ya injini na ya chesi, wewe ulipe duka moja kwa moja kwa M-Pesa. Spea kuukuu ziwekwe kwenye katoni stoo kwa mama. Nitakuja kuziona mwenyewe, ndivyo ninavyowaambia. Mkiamua kununua injini iliyotumika, kumbuka nambari iliyo kwenye logibuku haitalingana tena, na NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, lazima waarifiwe.

Kama maji yaliingia kwenye oili, imwagwe pamoja na filta, kisha ibadilishwe tena baada ya kilomita mia chache. Na anayeendesha aangalie maji kila asubuhi kwa wiki mbili, kabla hajawasha gari.